Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto

Andika neno Makambako kwenye kompyuta, taratibu, macho yakiwa kwenye vidole na si kwenye kioo. Kama ulifundishwa kupiga chapa kwa vidole kumi, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kitashuka mara tatu, mara moja kwa kila A. Sasa andika Njombe. Kidole kile kimekaa tu. Kazi kubwa imefanywa na kidole cha shahada cha kulia, kilichokwenda kwenye N, kikapanda J, baadaye kikarudi M. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 60 za lami, na mimi huzipita karibu kila wiki kwa kazi yangu ya habari. Ilinichukua miaka kugundua kwamba vidole vyangu vinaiandika miji hii kwa namna mbili tofauti kabisa.

Niligundua kwa sababu ya vitu viwili: kompyuta ya mtumba na shangazi yangu.

Kompyuta niliinunua Makambako, karibu na stendi. Ilikuwa imetoka Ujerumani, bado ina stika ya shule fulani ya huko, na bei yake ilikuwa ya kirafiki mno kuiuliza maswali. Nilipofika Njombe nikaanza kuandika habari ya soko. Nilikusudia "bei ya viazi". Kikatoka "bei za viayi". Mhariri wangu alinipigia simu kuuliza kama ulanzi umeanza mapema mwaka huu.

Siri yake ni ndogo. Kibodi za Kijerumani zimebadilishana Y na Z, kwa kuwa Kijerumani kinaitumia Z sana na Y mara chache. Kwao ni jambo la busara. Kwa Kiswahili ni balaa, maana sisi Y na Z ndizo hutenganisha barua ya na barua za, moja na nyingi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Eneo hili lilitawaliwa na Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Misheni ya Berlin ilijenga vituo vyake huku, Kidugala, Yakobi, Ilembula. Kama historia ingepinda kidogo tu, vidole vyetu sote leo vingekuwa vinaitafuta Z pale ilipo Y, na hakuna ambaye angeona ajabu. Mpangilio wa vitufe hauulizi lugha yako. Unakuja na anayetawala, au na anayeuza.

Huo tunaoutumia ulikuja na muuzaji. Christopher Latham Sholes alikuwa mchapaji na mhariri wa gazeti huko Milwaukee, Marekani, kwa hiyo ni mwenzangu kikazi, namsamehe mengi. Mwaka 1868 yeye na wenzake walipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kuandikia. Vitufe vya mashine zake za mwanzo vilifanana na vya piano. Mtu akikiita kibodi "kinanda" hajakosea sana. Mwaka 1873 mashine ikaenda kwa kampuni ya Remington, watengeneza bunduki na cherehani, na mwaka uliofuata ikaingia sokoni ikiandika herufi kubwa peke yake. Herufi ndogo zilikuja na toleo la pili, mwaka 1878.

Herufi zilianza zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, na mabaki yake yapo hadi leo: pitisha kidole mstari wa kati utaona d, f, g, h, j, k, l, zikifuatana kama watoto waliosahauliwa foleni. Kuna hadithi maarufu kwamba zilitawanywa makusudi ili nyundo za herufi zisigongane. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliifuatilia wakaitilia shaka. Wao wanaelekeza kwa mafundi wa telegrafu, waliokuwa wakiitumia mashine kunakili ujumbe na kulalamika juu ya nafasi za herufi. Mimi naegemea upande wa Kyoto, kwa sababu najua malalamiko ya watumiaji hufika mbali. Ila hata mmoja katika walalamikaji wale hakuwa akiandika Kiswahili.

Nacho Kiswahili kilikuwa ndiyo kwanza kinavishwa herufi za Kilatini. Kwa karne nyingi pwani iliandika kwa herufi za Kiarabu. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864, na uchapaji wa misheni hiyo ukaeneza maandishi ya Kilatini. Kutoka Kiungani likaja gazeti la Msimulizi mwaka 1888. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tahajia ikatulia: Q haina kazi, X haina kazi, C haitembei bila H. Na vokali zikabaki zilivyokuwa midomoni, kila neno la Kibantu likiishia kwenye mojawapo. Chukua sentensi ambayo mwandishi yeyote wa mkoa ameiandika mara mia: Wananchi wa Makambako wanataka barabara. Herufi 35. A ni 14.

Herufi inayobeba lugha nzima imewekwa chini ya kidole dhaifu kuliko vyote. Kiingereza hakikuumia hivyo. E yao, inayoongoza kwa matumizi, inapigwa na kidole cha kati. Hata August Dvorak, aliyetoa mpangilio wake wa kisayansi Marekani mwaka 1936 na kuhamisha karibu kila kitu, aliiacha A palepale.

Sasa shangazi. Alianza kazi ya kupiga chapa akiwa na miaka ishirini, katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, baadaye akapelekwa Chuo cha Uhazili Tabora, akarudi na cheti cha hatimkato na mkoba mpya. Alipiga taipureta za chuma hadi kompyuta zilipofika, akapiga kompyuta hadi akastaafu. Leo kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kimepinda kama ndoana na hakinyooki. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya Njombe na miti ya miwati haionekani, huwa anakifunga kitambaa cha sufu kama mtoto.

Mwaka jana aliniambia anataka kuandika.

"Si hadithi," alisema. "Nataka kunakili kitu. Na kueleza kidogo pembeni."

Simu ilimshinda, vitufe vya kwenye kioo havishikiki. Kompyuta yangu ya Kijerumani aliitazama kwa dharau. Ndipo nikasema nitamtengenezea kibodi yake, ya kukusanya kwa mkono, laini chini ya vidole, yenye mpangilio wa Kiswahili. Nilikuwa nimesoma kwamba inawezekana. Kusema kweli, nilikuwa pia na hasira za kisomi: nilitaka kurekebisha kosa la Milwaukee nikiwa jikoni Njombe.

Vifaa niliagiza kupitia jamaa wa Kariakoo anayeleta mizigo kutoka China. Swichi za mitambo zilizo nyingi leo zinafuata umbo moja, lile la kampuni ya Cherry ya Ujerumani la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitufe kinashuka milimita 4, na umeme unapita kikiwa karibu milimita 2. Hataza ilipokwisha, viwanda vya China vikazitengeneza kwa wingi na kwa bei ya mtu wa kawaida. Nilichagua za springi nyepesi, gramu 35, maana za kawaida zinadai 45. Mzigo ulipanda basi la Mbeya, ambalo halifiki kwetu, kwa hiyo nikaufuata Makambako. Treni ya TAZARA nayo inapita hapohapo, reli iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 hadi 1975, lakini swichi zangu zilikuja kwa basi, chini ya kiti, kati ya ndoo mbili za dagaa. Harufu ilikaa wiki.

Bamba la kushikia swichi lilikuwa kazi ya fundi wa mageti. Nilimpelekea mchoro: bati la alumini la milimita 1.5, matundu 60 ya mraba, kila moja milimita 14, na kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya linalofuata milimita 19.05. Aliuliza hiyo sifuri tano imetoka wapi. Ni robo tatu ya inchi, kipimo cha Kiingereza kilichojificha ndani ya milimita. Akasema basi ungesema robo tatu toka mwanzo. Alinilipisha kwa tundu, jambo ambalo sikulitarajia. Boksi nililitengeneza kwa kipande cha mbao ya msindano. Ukikaa Njombe ukakosa mbao, kosa ni lako.

Kisha waya. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kuheshimu kifaa ambacho sote tunakigonga bila kukifikiria. Ubongo wa kibodi ni chipu ndogo kama kidole gumba, ina miguu 18 ya kutumia. Vitufe viko 60. Miguu haitoshi. Ujanja ni kuvipanga kama viti vya ukumbi: mistari mitano ya kulala, kumi na miwili ya kusimama, jumla waya 17. Chipu inapeleka umeme mstari mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ambayo huwezi kuihisi, na kila mara inauliza: nani ameitika? Mstari wa tatu, safu ya pili. Hiyo ni S. Lakini ukibonyeza vitufe vitatu pamoja umeme unaweza kurudi kinyumenyume kupitia njia ya jirani, ikajitokeza herufi ya nne ambayo hakuna aliyeigusa. Dawa yake ni dayodi, kipande kidogo cha kioo chenye mstari mweusi, kinachouruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Moja kwa kila kitufe. Kwa hiyo dayodi 60, na kila moja miguu miwili, na kila mguu tone la risasi.

Nililehemu usiku tatu. Umeme ulikatika usiku wa pili, pasi ikapoa mkononi, nikamalizia asubuhi. Dayodi moja niliigeuza na K ikawa bubu. Nilitafuta kosa saa mbili kwenye programu kabla ya kugundua kosa ni mimi. Mwandishi wa habari asiye na K hawezi hata kusema Makambako.

Programu ya kuendeshea chipu ni ya bure, iko wazi kwa yeyote, na ndani yake unaipangia kila swichi herufi unayotaka. Hii ndiyo ilikuwa saa yangu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, menyu zote, kazi ya kuonewa fahari. Vitufe vilibaki vilevile vya Marekani. Mimi ningekwenda hatua moja mbele. A nikaihamishia mahali pa F, chini ya kidole cha shahada, F ikaenda kwa kidole kidogo ikapumzike. Kwenye nafasi ya Q, mguso mmoja unaandika ng' pamoja na kikato chake. Na nikaipanga mistari ya vitufe iwe imenyooka, juu hadi chini, kwa sababu ule mshazari wa kibodi za kawaida ni kumbukumbu ya nyenzo za taipureta, ambazo zilihitaji kupishana ili zipite. Kibodi yangu haikuwa na nyenzo. Kwa nini ibebe kovu la jeraha lisilo lake?

Nilimpelekea Jumapili baada ya ibada. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu. Aliweka mikono bila kuangalia, akaandika neno la kwanza lililomjia.

Mfkfmbfko.

Tulilitazama wote wawili.

"Umenipa kibodi yenye kigugumizi," alisema.

Nikamweleza. Sholes, Milwaukee, 14 kati ya 35, kidole dhaifu, kwamba mpangilio huu haukutengenezwa kwa ajili yetu. Alisikiliza vizuri, shangazi ni msikivu. Halafu akasema mpangilio ule ni wake. Kwamba alipigwa rula kwenye vidole ili aujue, akaulipia ada, ukasomesha watoto wanne, na hakuna Mmarekani aliyekuja Njombe kuudai. Kwamba vidole vyake havijui alfabeti, vinajua mahali. Akanyoosha kile kilichopinda, kadiri kinavyonyooka, akakiweka hewani juu ya kitufe kilipostahili kuwa, na hakikukosea hata milimita. Na hiyo mistari yako iliyonyooka, akaongeza, ni kama watoto wa shule kwenye paredi, vidole vyangu vinaangukia katikati yao.

Sikuwa na jibu, na bado sina kamili. Naamini bado kwamba A imewekwa pabaya. Lakini nilikuwa nimekuja kumkomboa mtu kutoka kwenye kitu alichokwisha kukifanya mali yake kwa miaka arobaini.

Nikarudi kwa fundi wa mageti. Matundu mengine 60, yenye mshazari. Aliuliza kama haya nayo nitayakataa. Nikafumua risasi yote, nikaanza upya, A ikarudi kwake. Swichi nyepesi alizikubali, ingawa alidai zenye mlio, kwa hiyo nikabadilisha tena. Aliomba na kengele ya mwisho wa mstari, hapo nilikataa. Ng' kwenye nafasi ya Q aliipenda sana. "Q sijawahi kuigusa," alisema, "zaidi ya kuifuta vumbi."

Ndipo akatoa alichotaka kunakili.

Ni karatasi mbili nyembamba, za mwaka 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima, si hiari, na Operesheni ikaanza kushuka mkoa hadi mkoa. Shangazi alikuwa na miezi michache kazini. Alipewa orodha iliyoandikwa kwa mkono ya wakuu wa kaya watakaohamishwa kutoka vitongoji fulani, aipige kwa nakala nne, moja halisi na tatu za kaboni. Jina la baba yake, babu yangu, lilikuwa namba 37. Alilipiga kama alivyopiga mengine. Nakala ya mwisho ofisi iliikataa, haisomeki, akaambiwa aitupe. Akaikunja akaiweka ndani ya sidiria, akatoka nayo.

Niliishika kwenye mwanga wa dirisha. Mwaka umeandikwa l974, kwa L ndogo, kwa kuwa mashine ile haikuwa na namba moja. Na kwenye karatasi ya nne chini ya kaboni tatu, unaona nguvu ya kila kidole. Herufi za vidole vya shahada ni nyeusi. Za kidole cha kati zimefifia kidogo. A karibu hazipo. Majina ya wazee wote wale, yamesimama na mapengo kila palipokuwa na A, karatasi nzima, kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Ili zitokee angalau hivyo, msichana wa miaka ishirini alilazimika kukigongesha kidole kile kwa nguvu zote, orodha baada ya orodha, mwaka mzima ule. Sijui kama ndicho kilichokipinda. Yeye anasema ndicho.

Babu alihama. Nyumba waliiacha na makaburi nyuma yake, na leo pale ni shamba la parachichi la mtu mwingine. Shangazi anasema babu hakuwahi kumwuliza kama alijua mapema. Yeye hakuwahi kumwambia.

Kwa hiyo sasa ananakili. Kila jioni majina machache, na pembeni ya kila jina anaeleza anachokumbuka: huyu alikuwa na ng'ombe wawili, huyu mkewe alijifungulia njiani, huyu alirudi usiku kung'oa mlango wake. Mwaka anaandika bado kwa L. Nilimwonyesha namba moja ilipo, akasema ameiona. Usiku nikilala kwake nasikia mlio kupitia ukuta, wa haraka kuliko wangu, unasimama, unaanza tena. Namba 37 aliiruka, akasema atairudia. Juzi alikuwa kwenye 52. Swichi ya A imeanza kulegea, nimeagiza nyingine kumi, basi litazishusha Makambako Alhamisi.